Maisha ya Mwalimu James Aggrey, Mlezi wa Vijana



Baada ya hesabu za fedha na taarifa za kamati, ni desturi njema kitabu cha mwaka kiwe na habari za mtu mmoja aliyetutangulia, ili wasomaji wapate mfano wa kufuata. Safari hii tumemchagua Mwalimu James Emman Kwegyir Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Jina lake si geni masikioni mwetu. Magharibi mwa Kenya na nchini Uganda wamo wanaume wengi waliopewa na wazazi wao jina la Aggrey, na mjini Dar es Salaam, katika Kariakoo, upo mtaa uitwao kwa jina hilo. Hata hivyo wengi walitajao hawakupata kusimuliwa kazi ya mwenyewe.

Iko sababu ya kumchagua. Katika vyama vya watu wetu, tangu zamani hata leo, swali la vijana halikosi kuzuka: wapewe kazi lini, na wapewe kazi gani? Wapo wasemao kijana na akae kimya mpaka aote mvi. Wapo vijana wasemao wazee na waondoke vitini leo hii. Aggrey alilelewa kwa namna nyingine, naye akawalea wengine kwa namna hiyo hiyo. Alipewa kazi za watu wazima angali kijana, karibu na wakubwa waliomtazama na kumsahihisha. Na alipokuwa mkubwa yeye mwenyewe alizitafuta shida za watu wa kawaida, akawafundisha kuzitatua kwa mikono yao. Tunaomba habari hizi zisomwe kwa nia hiyo.

KUZALIWA NA KULELEWA KWAKE

Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabu, pwani ya Gold Coast, miongoni mwa Wafante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mtawala wa mji ule. Kwa desturi za watu wa huko msemaji ana cheo kikubwa. Mwenye haja hamwelekezei mtawala maneno yake moja kwa moja, wala mtawala hamjibu yeye moja kwa moja. Maneno hupita kwa msemaji, naye huyapanga kwa hekima ili hasira isiharibu shauri. Ndiyo nyumba aliyokulia mtoto huyu, na si ajabu kwamba baadaye alisifiwa katika nchi nyingi kwa ufasaha wake na kwa upole wa ulimi wake.

Alibatizwa mwaka 1883, akasomeshwa katika shule ya Wamethodisti mjini Cape Coast. Hapo mmisionari mmoja Mwingereza, Dennis Kemp, alimwona kuwa ana akili na bidii, akamchukua akae nyumbani mwake pamoja na wavulana wengine. Mwaka 1890, umri wake ukiwa miaka kumi na mitano hivi, alipelekwa Abura Dunkwa kuwa mwalimu wa watoto wa kijiji. Tutue hapa kidogo. Kijana wa miaka kumi na mitano alikabidhiwa shule. Hakukabidhiwa akaachwa, maana wakubwa wake walikuwa wakimwangalia. Lakini kazi ilikuwa yake, na lawama kama ingeharibika ingalikuwa yake. Kazi haikuharibika. Alirudi Cape Coast, akaendelea kupanda katika ualimu hata akawa mwalimu mkuu angali kijana wa miaka ishirini na kitu.

KIJANA KATIKA CHAMA CHA WAZEE

Mwaka 1897 serikali ya Kiingereza ya Gold Coast ilileta mswada wa sheria ya ardhi. Mswada ule ungaliipa serikali mamlaka makubwa juu ya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe. Machifu na wenyeji walioelimika walijibu kwamba katika nchi yao hakuna ardhi isiyo na mwenyewe: palipo msitu pana ukoo, na palipo konde lililolazwa pana wajukuu wanaolingoja. Wakakutana Cape Coast, wakaunda chama cha kutetea haki za wenyeji. Mwenyekiti wake alikuwa Jacob Wilson Sey, na mwanasheria John Mensah Sarbah aliupinga mswada huo kwa hoja za sheria na za desturi.

Katika chama hicho Aggrey alifanya kazi ya ukatibu. Umri wake ulikuwa kama miaka ishirini na miwili. Wanachama wetu waliowahi kushika kalamu ya chama wanaijua kazi hiyo: kuandika kumbukumbu za mkutano pasipo kuongeza wala kupunguza, kuandika barua ambayo mkubwa ataitia sahihi, kuzitunza karatasi zisipotee. Ni kazi isiyopigiwa makofi, lakini hakuna shule ya uongozi iliyo bora kuliko hiyo, kwa kuwa katibu husikia wazee wakibishana mpaka wakapatana, naye huyaandika yale waliyopatana.

Mwaka 1898 chama kilituma wajumbe London kumwona waziri wa makoloni, Joseph Chamberlain. Wajumbe walisikilizwa, na mswada ukaachwa. Ardhi ya watu wa Gold Coast ikasalimika kwa umoja wa machifu, wafanyabiashara, wanasheria na walimu vijana. Wazee walikuwa na haki na ujuzi wa mipaka. Vijana walikuwa na kalamu na lugha ya serikali. Kila upande ukiwa peke yake ungalishindwa.

SAFARI YA MAREKANI

Mwezi wa Julai mwaka 1898 Aggrey aliondoka kwao kwenda Marekani, kwa msaada wa Askofu John Bryan Small wa kanisa la Wamarekani weusi liitwalo A.M.E. Zion. Aliingia Livingstone College katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1879 kwa ajili ya vijana weusi, wengi wao wakiwa watoto wa watu waliotoka utumwani. Alihitimu mwaka 1902 kwa heshima kubwa, nacho chuo hakikumwachia. Kilimfanya mwalimu, na hapo alifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipata upadri wa kanisa lake, akamwoa Rose Douglass wa Virginia, mwanamke msomi aliyekuwa mwalimu kama yeye.

Angeweza kutosheka na maisha ya chuoni. Lakini mwaka 1914 alikubali pia kuwa mchungaji wa makanisa mawili madogo ya mashambani nje ya Salisbury, moja likiitwa Miller's Chapel na la pili Sandy Ridge. Waumini wake walikuwa wakulima weusi, wengi wakilima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno. Yafaa tueleze shida yao, maana wakulima wetu wataitambua.

Mwanzo wa mwaka mkulima hakuwa na fedha. Alikwenda kwa mwenye duka, akapewa mbegu, mbolea, unga na nguo kwa mkopo, naye akaweka rehani pamba ambayo bado haijaota. Bei ya kukopa ilikuwa juu kuliko bei ya taslimu, na riba juu yake. Mavuno yalipofika mwenye duka alifungua daftari, akajumlisha mwenyewe. Mara nyingi mkulima aliambiwa kuwa pamba yake yote haikutosha kulipa deni, basi akaanza mwaka mpya akiwa na deni la mwaka uliopita. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo hawakuweza kulibishia daftari. Hivyo watu waliowekwa huru tangu mwaka 1865 walifungwa tena kwa karatasi.

Aggrey hakuishia kuwahubiria subira. Aliwafundisha habari za kilimo bora, akawahimiza watengeneze nyumba zao na kuziboresha shule za watoto wao. Zaidi ya yote aliwaonyesha kwamba minyororo yao ilikuwa katika daftari la deni, na kwamba daftari hushindwa kwa daftari jingine. Mwaka 1915 jimbo la North Carolina lilitunga sheria ya kuruhusu vyama vya akiba na mikopo. Aggrey aliwahimiza wakulima wake waungane kwa njia hiyo: kila mtu aweke kidogo alichonacho, na mwenye haja akopeshwe na wenzake kwa riba ndogo, ili anunue mbegu kwa taslimu na baadaye anunue shamba. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu aliyekuwa akisomea shahada za juu aliona si aibu kukaa na wakulima na kuhesabu senti zao. Wanafunzi wake wa chuo waliona kwa macho yao kwamba elimu ya darasani ina kazi ya kufanya umbali wa mwendo mfupi tu kutoka lango la chuo.

TUME YA ELIMU NA ZIARA YA KENYA

Mwaka 1920 mfuko mmoja wa Marekani uitwao Phelps-Stokes ulituma tume kuchungua elimu ya Waafrika, kiongozi wake akiwa Thomas Jesse Jones. Aggrey aliteuliwa kuwa mmoja wa tume, naye alikuwa Mwafrika peke yake kati yao. Walipita Afrika ya Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini hata mwaka 1921. Tume ya pili ilikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1924. Ikazuru Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kisha ikaendelea kusini.

Wakati huo Kenya ilikuwa na jeraha bichi. Mwaka 1921 Harry Thuku, karani kijana mjini Nairobi, alikuwa amewakusanya watu kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Machi 1922 alikamatwa. Umati uliokusanyika kudai aachiliwe ulipigwa risasi, wakafa watu wengi, naye akahamishwa mbali bila kuhukumiwa mahakamani. Upande wa Nyanza, Desemba 1921, walimu vijana wa misheni, miongoni mwao Jonathan Okwiri, waliitisha mkutano mkubwa huko Lundha katika Gem, wakapeleka malalamiko yao kwa serikali. Mwaka 1923 chama chao kiligeuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, kikiongozwa na Archdeacon Owen. Wanachama wake waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya waletao tauni na kupanda miti, na huku wakiendelea kuandika barua za kudai haki. Wapo waliosema kwamba kazi za panya na vyoo ziliwapoza vijana waache siasa. Wapo waliojibu kwamba mtoto akifa kwa tauni hapana siasa itakayomfufua. Ubishi huo haujaisha mpaka leo katika vyama vingi.

Katika nchi ya namna hiyo ndimo Aggrey alimofika. Alizungumza na Waafrika mashuleni na mikutanoni, na pia alizungumza na Wazungu waliokuwa hawajapata kumsikia Mwafrika msomi akisema mbele yao. Wengi wa vijana waliomwona hawakupata kuamini kabla ya hapo kwamba mtu mweusi aweza kuwa mwalimu wa chuo kikubwa na mjumbe katika tume ya kimataifa. Kuja kwake tu kulikuwa somo.

Tunda moja la ziara ile lilibaki hapa kwetu. Mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, mkuu wake wa kwanza akiwa James Dougall. Jina lilitokana na Anna Jeanes, mama wa Philadelphia aliyeacha mali yake isaidie shule za vijijini za watu weusi kusini mwa Marekani. Walimu wa Kabete walikuja pamoja na wake zao, wakajifunza afya, kilimo, utunzaji wa nyumba na usimamizi wa shule, kisha wakarudi vijijini kuwasaidia walimu wengine na majirani. Mwaka 1961 mahali pale pakawa Kenya Institute of Administration, ambapo maofisa Waafrika walifundishwa kuiendesha nchi iliyokuwa ikikaribia uhuru.

ACHIMOTA NA MWISHO WAKE

Mwaka huo huo wa 1924 Aggrey alirudi kwao Gold Coast kusaidia kuanzisha chuo cha Achimota, karibu na Accra. Gavana alikuwa Gordon Guggisberg na mkuu wa chuo alikuwa A. G. Fraser; Aggrey akawa msaidizi wa makamu wa mkuu. Wenyeji wengi walikitilia shaka chuo hicho. Walihofu kwamba mafunzo ya kilimo na ya mikono ni hila ya kumpa Mwafrika elimu ya chini. Aggrey aliwaendea, akawaeleza kwamba Achimota itatoa elimu ya juu pamoja na kazi ya mikono, bila kuudharau utamaduni wa wenyeji. Alisimama imara pia kwamba wasichana wasomeshwe pamoja na wavulana, kwa kuwa aliamini taifa haliinuki kwa mguu mmoja. Chuo kilifunguliwa rasmi tarehe 28 Januari 1927, na nembo yake ikawa vipande vyeupe na vyeusi vya kinanda, kwa kukumbuka mfano aliopenda kuutoa, kwamba muziki kamili hutaka vyote viwili.

Hakukaa sana. Katikati ya mwaka 1927 alikwenda New York kukamilisha masomo yake ya juu katika Columbia University, na huko aliugua ghafula akafa tarehe 30 Julai 1927, umri wake miaka hamsini na mmoja. Alizikwa Salisbury, mji wa chuo alichokitumikia.

Yapo masimulizi yaliyosikika kote Afrika kuhusu mfano wake wa tai aliyelelewa pamoja na kuku hata akajidhani kuku, mpaka alipoelekezwa jua akaruka. Vijana waliousikia hawakuusahau. Nnamdi Azikiwe alimsikia Aggrey mjini Lagos mwaka 1920, akiwa mvulana wa shule, akapata hamu ya kwenda Marekani kusoma. Mwaka 1963 akawa Rais wa kwanza wa Nigeria. Kwame Nkrumah alimjua akiwa mwanafunzi wa ualimu. Baada ya kifo cha Aggrey yeye na wenzake waliunda katika Achimota chama cha wanafunzi cha majadiliano kwa jina la mwalimu wao, na hapo Nkrumah akajizoeza kusema mbele ya watu. Mwaka 1957 aliiongoza nchi yake kupata uhuru. Twaona, basi, jinsi ukumbusho wa mwalimu ulivyokuwa chama, na chama kikawa uwanja wa kujifunzia uongozi.

LAWAMA ZILIZOMPATA

Si haki kusimulia mema peke yake. Katika maisha yake Aggrey alilaumiwa na watu weusi wenzake. W. E. B. Du Bois, msomi mkubwa wa Marekani, aliikosoa tume ya Phelps-Stokes kwa kuona kwamba mpango wake wa elimu ungemweka Mwafrika chini ya Mzungu. Wafuasi wa Marcus Garvey walimwona Aggrey kuwa mpole mno. Ni kweli kwamba aliamini sana katika nia njema ya watawala, na historia ya Kenya baada ya mwaka 1924 inaonyesha kwamba nia njema haikutosha kurudisha ardhi wala kuondoa ubaguzi. Uhuru ulidaiwa kwa sauti kali kuliko yake.

Pamoja na hayo, wale waliodai kwa sauti kali walihitaji wajue kuandika, kuhesabu, kuitisha mkutano na kutunza fedha ya watu. Hayo ndiyo aliyoyafundisha. Mpole huyu alisaidia kuwaandaa watu ambao hawakuwa wapole.

NENO KWA CHAMA

Wazee wetu, tumeyaandika haya kwa sababu yapo mambo katika vyama ambayo hayangoji. Tunasikia habari za vyama vilivyopoteza viwanja vyao kwa kuwa hati zilijulikana na mzee mmoja tu, naye akafa na habari zake. Tunasikia pia habari za vijana walioondoka katika vyama vya baba zao kwa kuwa kazi waliyopewa kila mara ilikuwa kupanga viti na kuchemsha chai. Katika hali zote mbili hasara ni ya watu wote, maana chama kisicho na mrithi ni kama shamba lisilo na mbegu.

Mfano wa Aggrey watuonyesha la kufanya, na halihitaji fedha nyingi. Kwanza, kijana apewe kalamu ya chama kabla ya kupewa kiti: aandike kumbukumbu chini ya katibu mzee, na azisome mbele ya mkutano apate kusahihishwa. Pili, vijana watumwe kuichungua shida moja ya mtaa, iwe kisima kilichoharibika, deni la wakulima au watoto walioacha shule. Wahesabu, waulize, kisha walete shauri, na wazee walipime. Tatu, wapelekwe katika mikutano ya kaunti. Tangu Katiba ya mwaka 2010 mwananchi ana haki ya kushirikishwa katika mipango na bajeti, lakini bajeti ni daftari, na daftari humshinda asiyeisoma. Kijana asomaye hesabu akiandamana na mzee ajuaye mipaka na ahadi za zamani, watu hao wawili si rahisi kudanganywa.

Vijana nao wasidhani kwamba maneno haya ni ya kuwabembeleza wazee peke yao. Aggrey aliketi miguuni pa wakubwa wake, akaandika maneno yao kwa uaminifu, akatunza karatasi zao, na heshima yake ilikua kwa kazi. Anayetaka kuaminiwa na hazina aanze kwa kuaminiwa na daftari.

Twaomba basi kwamba katika mkutano mkuu ujao kila mzee wa kamati aje na kijana mmoja, wa kiume au wa kike, aketi naye ubavuni, asikilize shauri tangu mwanzo hata mwisho, na aondoke akiwa amekabidhiwa kazi moja yenye jina na tarehe ya kurudisha majibu.